Ugaidi kwa Lugha Gani? Sheria za Kenya, Mikataba ya Kimataifa na Haki ya Kuelewa

Mwaka 2003 Serikali ya Kenya ilifanya mambo mawili ambayo ni nadra kutajwa kwa pamoja. Mwezi wa Aprili ilichapisha Mswada wa Kudhibiti Ugaidi, wa kwanza wa aina yake nchini tangu bomu la Agosti 7, 1998 lililowaua watu 213 jijini Nairobi, na tangu shambulio la Kikambala la Novemba 28, 2002. Miezi michache baadaye, serikali iyo hiyo iliondoa marufuku ambayo wakoloni waliiwekea Mau Mau mwaka 1950, marufuku iliyokuwa imedumu miaka 40 baada ya uhuru. Watu ambao nyaraka za mkoloni ziliwaita magaidi, na ambao zaidi ya 1,000 kati yao walinyongwa katika miaka ya hali ya hatari, hatimaye waliruhusiwa kukusanyika na kujisajili kama raia wengine. Neno lilikuwa likiondolewa kwa wazee huku likiandaliwa watu wengine.

Sadfa hii haifai kupuuzwa, hasa na wanafunzi wa Kiswahili, ambao malighafi yao ni maneno. Neno linapoingia katika sheria na kubeba kifungo cha miaka 30 au cha maisha, ni nani anayeamua maana yake? Na je, anayeshtakiwa kwalo hulielewa? Hoja ya makala haya ni kwamba Kenya imezisoma ahadi zake za kimataifa nusunusu. Imezisoma kwa sauti zile zinazoitaka ipambane na ugaidi, na kuzinong’ona zile zinazoyawekea mapambano hayo mipaka; na katika hizo zinazonong’onwa, iliyosahaulika zaidi ni ile inayohusu lugha.

Ni vyema kuanza na ahadi zenyewe. Septemba 28, 2001, siku 17 baada ya mashambulio ya New York na Washington, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio nambari 1373. Azimio hilo liliyalazimu mataifa yote kuufanya ugaidi kuwa kosa la jinai, kuziba mianya ya ufadhili wake na kusaidiana katika upelelezi. Halikueleza ugaidi ni nini. Aliyewahi kuketi katika darasa la semantiki atastaajabu: ulimwengu mzima uliagizwa kuadhibu jambo ambalo jina lake halikuwa limepewa maana, na kila taifa likaachiwa lijifasilie. Mwaka 2004 Azimio 1566 lilijaribu kupunguza kasoro hiyo kwa kutaja matendo yanayokusudiwa kuua, kujeruhi vibaya au kuteka watu, tena kwa nia ya kueneza hofu kuu. Hata hivyo, mkataba mmoja kamili wa kimataifa kuhusu ugaidi umejadiliwa kwa zaidi ya miongo miwili pasipo maafikiano.

Bara la Afrika, kwa mara moja, lilikuwa limetangulia. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliotiwa saini Algiers mwezi wa Julai 1999 ulitoa fasili yake, kisha ukaongeza jambo ambalo mataifa yaliyopitia ukoloni yasingeweza kulisahau: kwamba mapambano ya watu ya kujikomboa kutoka kwa ukoloni, uvamizi na utawala wa kigeni hayahesabiwi kuwa ugaidi. Kenya imejifunga kwa mkataba huo. Waliouandika walijua kwamba katika chumba kilekile walimoketi walikuwamo viongozi ambao wao wenyewe, au baba zao, waliwahi kuitwa magaidi.

Upande wa pili wa ahadi ni wa zamani zaidi. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1972, Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1966, na Mkataba Dhidi ya Mateso mwaka 1997. Hizi si ahadi za pambo. Mkataba Dhidi ya Mateso unakataza mtu asirudishwe kokote anakoweza kuteswa, hata awe mshukiwa wa kosa gani. Baraza la Usalama lenyewe, katika Azimio 1456 la Januari 2003, lilisema kwamba hatua za kupambana na ugaidi sharti ziafikiane na sheria za haki za binadamu na za wakimbizi. Kisha ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 2(6) kiliufanya mkataba wowote uliopewa idhini na Kenya kuwa sehemu ya sheria ya nchi. Kabla ya hapo wakili angeweza kuambiwa kwamba mkataba wa Geneva ni wa Geneva. Tangu Agosti 27, 2010 jibu hilo halitoshi.

Mswada wa 2003 ulikataliwa, na ukakataliwa kwa sababu nzuri. Mojawapo ya ibara zake ilikusudia kumpeleka jela mtu anayevaa vazi au kubeba kitu hadharani kwa namna ya kuzua shaka kuwa ni mfuasi wa kundi la kigaidi. Waislamu wa Pwani, wa Kaskazini Mashariki na wa Eastleigh hawakuhitaji kamusi kujua ni vazi la nani lililokuwa akilini mwa mwandishi. Mswada wa pili wa mwaka 2006 nao haukufika mbali. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilipita hatimaye mwaka 2012, ikiwa Sheria Nambari 30 ya mwaka huo, na kwa haki yapasa kusemwa kwamba ilikuwa bora kuliko watangulizi wake. Ibara ya mavazi haikuwamo.

Njia rahisi ya kulipima neno la sheria ni kujaribu kulitafsiri. Kifungu cha 2 cha sheria hiyo kinafasili kitendo cha kigaidi kwa pande mbili, tendo na kusudi. Kwa upande wa tendo, imo orodha: kutumia nguvu dhidi ya mtu, kuhatarisha uhai, kuhatarisha afya au usalama wa umma, kuharibu mali vibaya, kutumia silaha au baruti, na mengineyo ya jinsi hiyo. Mfasiri hapati taabu kubwa hapa. Taabu huanza kwenye kusudi. Sheria inayataja matatu: kuutia umma hofu, kuishurutisha serikali au shirika la kimataifa litende au lisitende jambo, na la tatu, kwa tafsiri ya karibu, kuyumbisha taasisi za kidini, kisiasa, kikatiba, kiuchumi au kijamii za nchi.

Kuyumbisha? Au kuvuruga? Au kutikisa, au kudhoofisha? Vitenzi hivi si pacha. Jahazi huyumba kwa wimbi dogo na likaendelea na safari. Kilichovurugwa huhitaji kupangwa upya. Kilichodhoofishwa huenda kisipone. Kiingereza cha sheria kinavikusanya vyote hivyo ndani ya kitenzi kimoja kisha kinanyamaza. Mwalimu anayegoma mwezi wa mitihani huambiwa kila mwaka kwamba anaivuruga elimu. Mhubiri anayejitenga na kanisa lake na kuondoka na nusu ya waumini ameidhoofisha taasisi ya kidini. Na taasisi ya kijamii ni ipi? Ndoa? Ukoo? Ni kweli kwamba kusudi peke yake halitoshi, na kwamba lazima pawe na tendo la upande wa kwanza. Mhubiri hatashtakiwa kwa ugaidi kwa kuwa ana sauti nzuri kuliko askofu wake. Lakini je, waumini wake wakisukumana na wenzao mlangoni na madirisha ya kanisa yakavunjwa yote? Fasili inayohitaji busara ya afisa wa polisi ili isimnase mhubiri ni fasili ambayo haijakamilika.

Watungaji waliliona tatizo, ndipo wakaongeza kinga mwishoni: kwamba tendo linalokatiza huduma, likifanywa katika maandamano au mgomo, halitahesabiwa kuwa la kigaidi maadamu halikukusudiwa kuleta madhara makubwa yaliyotajwa mwanzoni mwa fasili. Kinga hii ni ya thamani. Ingefaa kila kiongozi wa wanafunzi nchini aijue kwa ghibu. Hata hivyo, inakaa mwishoni mwa orodha ndefu ya Kiingereza cha kisheria, na hapana shaka kwamba wengi wa wale inayowakinga hawajawahi kuisikia.

Umuhimu wake ulidhihirika mwaka 2025. Baada ya maandamano ya Juni 25 ya mwaka huo, makumi ya vijana walifikishwa katika mahakama ya Kahawa wakikabiliwa na tuhuma za ugaidi. Baadhi walidaiwa kuteketeza vituo na ofisi za serikali. Kuteketeza jengo ni kosa kubwa. Kanuni ya Adhabu inaruhusu kifungo cha maisha kwa mchomaji. Basi ikiwa sheria ya kawaida inaweza kumfunga mtu maisha, neno ugaidi linaongeza nini? Linaongeza muda wa kuzuiliwa kabla ya mashtaka, ambao chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi, kwa idhini ya mahakama, unaweza kufika siku 90. Linaongeza ugumu wa dhamana. Na linaongeza jina, ambalo mtu huendelea kuitwa hata baada ya kuachiliwa, na ambalo mwajiri hulisoma kabla ya kusoma cheti cha shahada. Mtihani wa kweli wa fasili hii ni kama inaweza kumtenganisha aliyemwaga damu ya watu Westgate na aliyerusha jiwe barabarani. Fasili isiyoweza kuwatenganisha hao wawili haimsaidii hata mpelelezi.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanayo sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili, kwani mmoja wa washairi wao wakuu alifungwa na neno. Abdilatif Abdalla alitumikia kifungo kuanzia 1969 hadi 1972 kwa kosa la uchochezi, kutokana na waraka wa Kiswahili uliouliza Kenya inaelekea wapi. Tungo alizoziandika gerezani zilichapishwa mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki, na vizazi vya wanafunzi vimezichambua mizani na vina, aghalabu bila kuulizwa kosa lenyewe lilifasiliwaje. Uchochezi, kwa sheria ya wakati huo, ulihusu kuamsha chuki au dharau dhidi ya serikali. Yaani kosa lilikaa moyoni mwa msomaji, na mwandishi ndiye aliyefungwa. Vifungu hivyo vilifutwa mwaka 1997. Jamaa yake wa karibu, kifungu cha 77 cha Kanuni ya Adhabu, alisalia hadi Mahakama Kuu ilipomtangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2024. Maneno mapana ya sheria hayafi upesi. Hubadili mavazi.

Desemba 2014 yalijaribu kubadili mavazi kwa haraka mno. Mashambulio yalikuwa yamefuatana: Westgate mnamo Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa, Mpeketoni mwezi wa Juni 2014, kisha Mandera mwishoni mwa mwaka huo. Nchi ilikuwa na majonzi na hasira. Katika kikao cha Bunge ambacho Wakenya wengi wanakikumbuka kwa mangumi na karatasi zilizochanwa, Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama ilipitishwa, na ikatiwa saini Desemba 19. Iligusa sheria nyingi kwa mpigo mmoja. Februari 23, 2015, majaji watano wa Mahakama Kuu walivifuta vifungu vinane vyake. Miongoni mwa vilivyofutwa ni vile vilivyotishia kumfunga mwandishi wa habari kwa kuchapisha taarifa ambazo zingeonekana kuhujumu uchunguzi wa ugaidi, na kile kilichoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 katika nchi iliyokuwa ikiwahifadhi zaidi ya 500,000.

Kifungu hiki cha wakimbizi kinastahili kutuliwa kidogo, maana ndipo ahadi za kimataifa zilipofanya kazi ya waziwazi. Idadi ya 150,000 haikutaja kumrudisha mtu yeyote. Ilikuwa tarakimu tu. Lakini majaji waliuliza swali ambalo hesabu ya darasa la nne hulijibu: ili idadi ishuke hadi hapo, hao wengine waende wapi? Wangelazimika kurudishwa walikokimbia, jambo ambalo Mkataba wa 1951 unalikataza, na mkataba huo ni sehemu ya sheria ya Kenya. Miaka miwili baadaye, Februari 2017, Mahakama Kuu ilizuia pia mpango wa kuifunga kambi ya Dadaab. Haki inadai iongezwe kwamba majaji wa 2015 hawakuvunja kila kitu. Waliviacha vifungu kuhusu upelelezi wa siri na unasaji wa mawasiliano, wakikubali kwamba dola inayoshambuliwa inahitaji masikio. Mahakama hiyo haikuwa adui wa usalama.

Lakini mahakama hufikiwa na wale wanaofikishwa mahakamani. Wako wasiofikishwa. Januari na Februari 2007, baada ya majeshi ya Ethiopia kuingia Mogadishu, watu waliokuwa wakikimbilia Kenya walikamatwa mpakani na kwingineko, na zaidi ya 80 kati yao, wakiwamo Wakenya, wanawake na watoto, wakapakiwa katika ndege zilizotoka Nairobi kuelekea Somalia. Wengi wakaishia katika jela za Ethiopia. Mkenya mmoja aliyekamatwa Mombasa mwezi huo wa Februari alipelekwa Guantánamo. Alirejeshwa Kenya Desemba 2024, baada ya takriban miaka 18, bila kuwahi kufunguliwa mashtaka. Linganisha na hili: Februari 6, 2007, mjini Paris, Kenya ilitia saini Mkataba wa Kimataifa wa Kuwalinda Watu Wote Dhidi ya Kutoweshwa. Wino na ndege vilikwenda kwa juma moja. Kufikia 2024 mkataba huo ulikuwa bado haujaidhinishwa na Kenya.

Mwaka 2010 jambo hilo lilijirudia. Baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 11, yaliyowaua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, Wakenya kadhaa walichukuliwa nchini na kukabidhiwa Uganda pasipo kufuata utaratibu wa kisheria. Mahakama Kuu mjini Nairobi ilikemea kitendo hicho mwezi wa Septemba, mwezi mmoja tu baada ya Katiba mpya kuzinduliwa. Kufikia wakati huo waliochukuliwa walikuwa tayari ng’ambo ya mpaka.

Je, magazeti na redio za Kiswahili zilisemaje mambo kama haya? Aghalabu, kwamba washukiwa walisafirishwa. Kitenzi hiki ni cha upole kupindukia. Mizigo husafirishwa, maua ya Naivasha husafirishwa. Sheria inatofautisha mambo matatu ambayo kitenzi hicho kinayamezea mate: kumkabidhi mshtakiwa kwa nchi nyingine kwa amri ya mahakama, kumfukuza mgeni asiye na kibali, na kumtorosha mtu usiku pasipo amri yoyote. La kwanza ni halali, la pili ni halali likifuata taratibu, la tatu ni jinai. Kiswahili kina kitenzi kwa kila moja. Ni watumizi ambao hawakukitafuta.

Hali ni iyo hiyo kwa nomino. Mshukiwa ni anayedhaniwa. Mshtakiwa ni aliyesomewa mashtaka. Mfungwa ni aliyehukumiwa. Gaidi ni jina la aliyethibitika. Katika taarifa za habari za jioni, ngazi hizi nne hupandwa kwa sentensi mbili. Mtu huanza kama mshukiwa katika kichwa cha habari, na kabla msomaji hajafika aya ya tatu amekwisha kuwa gaidi aliyeuawa. Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa unampa kila mshtakiwa haki ya kudhaniwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Haki hiyo huanza kuvunjwa katika sarufi, muda mrefu kabla ya kuvunjwa kizimbani. Historia ya neno lenyewe haisaidii: kabla ya kubebeshwa mzigo wake wa leo, gaidi katika Kiswahili alikuwa jambazi tu, mnyang’anyi anayewavamia watu njiani. Wengi wa wazee vijijini bado wanamsikia mnyang’anyi huyo wanaposikia neno hilo. Mzee kama huyo akiulizwa na polisi kama kijana fulani ni gaidi, anajibu swali lipi?

Kuna watakaosema kwamba haya yote ni anasa ya wanaokaa mbali na risasi. Pingamizi hilo ni zito na halifai kujibiwa kwa kejeli. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi, vijana waliokuwa na vitambulisho na ratiba za mitihani kama wasomaji wa jarida hili. Januari 2019 watu 21 waliuawa katika jengo la DusitD2 jijini Nairobi. Haki ya kuishi imo katika mikataba iyo hiyo, na dola isiyowalinda raia wake dhidi ya wauaji inaivunja ahadi yake sawasawa na dola inayotesa. Hakuna mwanafunzi mwenye akili timamu anayeweza kudai kwamba Kenya haihitaji sheria ya ugaidi.

Lakini inafaa kuuliza sheria hiyo hufanikiwa kwa njia gani. Hufanikiwa pale mama wa Kwale au mwenye duka wa Garissa anapomwendea afisa na kusema jambo aliloliona. Ili afanye hivyo anahitaji kujua ni jambo gani ni kosa na ni jambo gani si kosa, na anahitaji kuamini kwamba mwanawe atashikwa kwa alilolitenda, si kwa kanzu yake au lafudhi yake. Aprili 2014, maelfu ya watu, wengi wao wakiwa Wasomali, walikusanywa kutoka Eastleigh na kwingineko, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mwaka uliofuata, mashirika mawili ya haki za binadamu ya Pwani, MUHURI na Haki Africa, yalijikuta katika orodha moja na Al-Shabaab, akaunti zao zikafungwa, hadi Mahakama Kuu ya Mombasa ilipoamua kwamba hapakuwa na ushahidi wa kuyahusisha na ugaidi. Hatua kama hizi haziwapunguzi wauaji. Huwapunguza wasemaji.

Hapa ndipo ahadi ile iliyosahaulika inapoingia. Kifungu cha 49 cha Katiba kinamtaka anayekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kunyamaza. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, katika kifungu chake cha 14, unasema vivyo hivyo, na Kenya iliukubali miaka 38 kabla ya Katiba. Sheria ya 2012 iliporuhusu haki kadhaa za washukiwa zibanwe, ikiwamo faragha, uhuru wa kujieleza na ile ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, haikuigusa hii ya lugha. Imesimama nzima. Mahakama ya Rufaa imewahi kubatilisha hukumu za jinai kwa sababu kumbukumbu za kesi hazikuonyesha ni lugha gani mshtakiwa alisomewa mashtaka.

Yapo maneno ya sheria, kisha yapo yanayotendeka chumbani. Kanuni za mwenendo wa kesi za jinai zinaruhusu Kiswahili katika mahakama za chini, lakini zinaifanya lugha ya Mahakama Kuu kuwa Kiingereza. Mshtakiwa aliyejitetea mwenyewe kwa Kiswahili chini, akikata rufaa, anakwenda mahali ambapo maneno yake mwenyewe yanamfikia jaji yakiwa yamevaa koti la mtu mwingine. Mkalimani wake mara nyingi ni karani wa mahakama, mtu mwenye bidii lakini asiyepewa istilahi. Atamwambiaje Mboni au Msomali, au hata Mswahili wa Lamu, kwamba anatuhumiwa kumpa mwingine itikadi kali kinyume cha kifungu cha 12D? Vyombo vya habari vinasema itikadi kali, wengine misimamo mikali, wengine siasa kali. Muumini anaweza kukiri kwa fahari kwamba msimamo wake ni mkali, kwa kuwa kwake ukali wa msimamo ni uthabiti wa imani. Amekiri kosa, au ametoa ushuhuda wa dini yake? Yote yanategemea uteuzi wa neno moja uliofanywa papo kwa papo na karani mwenye faili 30 mezani.

Kifungu cha 7 cha Katiba kiliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2010. Katiba yenyewe ina tafsiri yake ya Kiswahili, ijapokuwa kifungu cha 259 kinaamua mapema kwamba matoleo yakigongana, la Kiingereza ndilo litakaloshinda. Sheria za Bunge zimeendelea kutungwa kwa Kiingereza. Vyama vya Kiswahili vyuoni vimeandaa makongamano mengi juu ya istilahi za kompyuta na za simu, na kazi hiyo imezaa matunda. Istilahi za korokoroni hazijapata kongamano lake. Pengine ni kwa sababu hazivutii wafadhili. Pengine ni kwa sababu mada ya ugaidi huwafanya watu wazungumze kwa sauti ya chini. Sababu ya pili ndiyo mbaya zaidi.

Fasili ya kitendo cha kigaidi katika kifungu cha 2, pamoja na ile kinga ya waandamanaji iliyo mwishoni mwake, inatosha takriban ukurasa mmoja. Darasa moja la tafsiri linaweza kuifanyia kazi kwa muhula mmoja, likishirikiana na wanafunzi wa sheria wa ng’ambo ya pili ya bustani, na kuiweka kando ya vifungu vya 49 na 50 katika karatasi inayoweza kubandikwa ukutani. Baraza la wahadhiri linaweza kuipitia, kuujadili uteuzi wa kuyumbisha dhidi ya kuvuruga, na kuipeleka kwa Idara ya Mahakama na kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kama rasimu. Wakiikataa kwa madai kwamba Kiswahili chake kinaifanya sheria ionekane pana mno, watakuwa wamelitaja tatizo lenyewe, na rasimu ya pili itapaswa kuelekezwa Bungeni.